Wenzo wa Breki

Cheka tu, Kapela. Ndiyo, ni breki ya baiskeli.
Breki ya nyuma ya Swala ya marehemu shangazi
iliyobeba asali kutoka Sikonge miaka kumi na mmoja
mpaka fremu ikakatikia pale kwenye reli.
Nimeikata kwa msumeno, nimeipiga tupa siku mbili,
nimeifunga kichwani mwa gitaa, kwenye uzi wa sita.
Ukibonyeza, uzi unashuka hatua moja nzima.
Ukiachia, springi inaurudisha juu.
Basi. Kazi yake ndiyo hiyo.

Wewe unayepiga mtindo mmoja usiku kucha
huijui aibu ya kusimama mbele za watu
ukilegeza, ukikaza, ting, ting, ting,
bibi harusi ameshainuka, kitambaa mkononi,
mshereheshaji ameishiwa utani,
na mtoto mmoja pale mbele anauliza kwa sauti,
"Mama, limeharibika?"
Ilikuwa Isevya, kwa kina Lubuga.
Nilipoipata sauti, pilau lilikuwa limeshapakuliwa,
na nani acheze na sahani mkononi?

Nilianza na penseli na mpira wa tyubu,
nikaikaba shingo ya gitaa.
Lakini kabali hupandisha nyuzi zote, haishushi hata mmoja.
Nikaona picha ya kidude cha chuma, kinauzwa Dar,
bei yake magunia matatu ya mpunga,
na muuzaji mwenyewe hajui kama kinashusha au kinapandisha.
Nikarudi kwenye ndoo yangu ya vyuma chakavu.

Kushuka si tatizo.
Kila kitu duniani kinajua kushuka.
Tatizo ni kusimama mahali pake.
Wenzo unataka skrubu ya kuuambia: hapa, usipite.
Robo mzunguko ikizidi, uzi unakoroma kama mlevi,
ikipungua, unalalamika.
Na hapo penyewe ni wapi?

Baba hakuwa na kipimo. Alikuwa na mashine ya Hamdani,
mashine ya kusaga, Ng'ambo, ukuta kwa ukuta na chumba chetu.
Ikianza kunguruma alikaa ukingoni mwa kitanda
akaulegeza uzi wa sita, taratibu,
mpaka ukazama ndani ya mashine,
usijue lipi gitaa, lipi sembe.
"Hapo," husema.
Mama, aliyekuwa akipokea madebe kule,
alirudi amekuwa mweupe hadi kope,
akasimama mlangoni kukung'uta nywele,
"Unasikiliza mahindi ya wenzio tena?"

Mashine iling'olewa. Pale sasa wanauza simu.
Baba naye unajua alipo.

Nikatumia programu ya simu. Taa ya kijani ikawaka,
nikapiga wimbo wake,
ukawa wimbo safi wa mtu mwingine.
Nikafungua skrubu. Nikafunga. Nikafungua.
Mama yuko uani anachambua maharage,
sikio la kushoto halisikii siku hizi,
sikumuuliza kitu. Nilikuwa nabonyeza tu,
naipa skrubu uzi mmoja mmoja,
chini, chini kidogo,
nikauacha ulie mpaka uishe.

Nikamwona ameacha maharage.
Ameinua mkono, macho bado kwenye ungo,
anakung'uta nywele.

Nikaiacha skrubu pale pale. Nikaazima rangi ya kucha ya Tausi,
nyekundu, nikadondosha tone juu yake isizunguke.
Programu inasema nimekosea. Iseme.

Kesho tuna shughuli Kanyenye, saa mbili.
Gitaa litakuwa kwako, mimi nitakuwa na besi.
Njoo na spana namba kumi, nati ya breki hulegea.
Wimbo wa tatu, bonyeza.
Ile skrubu yenye rangi
usiiguse.